Ruzuku ya Mbolea Vijijini: Nani Anaandikwa, na Nani Anashika Kalamu?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Kila yanapokaribia majira ya kupanda, wasomaji wetu walioko vijijini Tanzania Bara hutuletea suali moja kwa sura mbalimbali. Mmoja huuliza: mwenyekiti wa kitongoji amejiandika yeye, mkewe na wanawe kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku, na mjane jirani yake hakuandikwa; je, anachovuna ni halali? Mwingine huuliza: nimempa mfanyabiashara namba yangu ya usajili akanunue mbolea kwa jina langu, naye akanipa shilingi elfu kumi, je, pesa hii ina ubaya gani?

Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukielewa kitu hicho. Kabla ya kusema halali na haramu, inatupasa tujue ruzuku hii inakwendaje: nani anaitoa, kwa masharti gani, inapita mikono ya nani, na inaishia shamba la nani. Kilimo si jambo la Muungano, na Zanzibar ina utaratibu wake. Maneno yetu ya leo yanahusu Bara, ambako mas-ala haya yamechunguzwa kwa karibu zaidi.

Vocha za mwaka 2008

Mwaka 2008 bei ya chakula na ya mbolea ilipanda dunia nzima. Serikali ya Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga, na Benki ya Dunia ikaingia kwa mkopo wa dola milioni 160. Kuanzia 2008 hadi 2013 mpango huo ulitumia kiasi cha dola milioni 300, na zaidi ya wakulima wadogo milioni 2.5 walipata vocha.

Mkulima aliyechaguliwa alipewa vocha tatu zinazotosha ekari moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia, na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ilibeba nusu ya bei, na nusu iliyobaki aliilipa mkulima mwenyewe kwa wakala wa pembejeo. Wakala naye aliipeleka vocha benki akalipwa.

Masharti ya nani apewe yaliandikwa wazi. Awe mkulima anayeishi kijijini, anayelima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, na aliye tayari kulipa nusu yake. Waliotangulizwa ni kaya zinazoongozwa na wanawake, na wale ambao kwa miaka ya karibuni hawakuwa wakitumia mbolea wala mbegu bora, au walitumia kidogo tu. Kazi ya kuchagua ikapewa kijiji chenyewe: mkutano mkuu uchague kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, nayo ipendekeze majina kwa kushirikiana na serikali ya kijiji.

Ukiutazama mpango huu kwenye karatasi, utaona una kheri nyingi. Aliyeko Dar es Salaam au Dodoma hawezi kujua nani kijijini ana ekari moja na nani ana kumi. Kijiji kinajua. Kinajua mjane ni nani, mgonjwa ni nani, na nani ana duka mjini na shamba analimiwa na vibarua.

Yaliyoonekana Kilimanjaro

Mwanzoni mwa mpango huo watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walikwenda vijijini mkoani Kilimanjaro kuangalia vocha zimefika kwa nani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la World Development. Waligundua kwamba kiasi cha asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilichukuliwa na viongozi wa kijiji waliochaguliwa na wananchi.

Yaani katika kila vocha kumi, sita ziliishia kwa watu wale wale waliokuwa karibu na daftari. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na vile ambavyo tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Ilikuwa nafuu pale vocha zilipokuwa nyingi zikaenea, na pale watu walipokuwa wakiaminiana.

Tufanye insafu. Hiyo ni hesabu ya mkoa mmoja na ya siku za mwanzo, wala hatuwezi kuibandika kwa kila kijiji na kila msimu. Tena viongozi wa kijiji si watu wachache. Sheria inaruhusu halmashauri ya kijiji kuwa na wajumbe kuanzia 15 hadi 25, na wengi wao ni wakulima kama wenzao, jembe mkononi na mkopo dukani. Kumkuta kiongozi kwenye orodha, peke yake, si ushahidi wa wizi.

Lakini hata ukitoa udhuru wote huo, sita katika kumi haielezeki kwa kusema kwamba viongozi nao ni wakulima. Viongozi si sita ya kumi ya kijiji chochote. Na lililo zito zaidi ni kwamba watafiti walionyesha kuwa kuchukua huko ndiko kulikodhoofisha mpango usiwafikie waliokusudiwa. Kwa maneno ya kijijini: mfuko wa mbolea uliochukuliwa na mjumbe ndio uliokosekana kwa mjane.

Na kukosa mbolea si jambo la kukosa posho ya kikao. Mvua haimsubiri mtu. Aliyekosa mbolea ya kukuzia wakati mahindi yapo magotini hana la kufanya mwezi unaofuata. Atavuna gunia chache, atakula akiba yake mapema, na msimu ujao atakwenda kulima kibarua katika shamba la yule yule aliyechukua vocha yake.

Mlango wenyewe uliachwa wazi

Wapo watakaosema: shida ni uchu wa watu, basi. Uchu upo, lakini mpango nao ulikuwa na mlango ulioachwa wazi, na ni vizuri tuujue.

Mpango ulisema maskini atangulizwe, papo hapo ukamtaka alipe nusu ya bei taslimu, tena wakati wa kulima ambapo mkulima maskini hana hata senti ya chumvi. Kamati zikajikuta baina ya amri mbili. Zikimwandika mjane asiye na nusu yake, vocha inalala au anaiuza. Zikimwandika mwenye uwezo, vocha inatumika na ripoti inakuwa nzuri. Kwa hiyo hata kamati yenye nia njema ilivutwa kuelekea kwa mwenye nacho, na kamati isiyo na nia njema ilipata kisingizio kilichokwisha pikwa: "Tuliwachagua wanaoweza kulipa."

Mlango wa pili ulikuwa kwa wakala. Mkulima asiye na pesa ya kuongeza alitia sahihi kwenye vocha, akapewa pesa kidogo mkononi, na wakala akaipeleka vocha benki kana kwamba mbolea imetoka dukani. Hapo kila mmoja aliona amepata, na ekari ya mahindi haikupata kitu.

Kauli ya sheria

Sasa tulirejee suali. Mali hii ni ya umma. Imetokana na kodi, na kodi hulipwa hata na bibi kizee anayenunua kipande cha sabuni. Na ikiwa imekopwa, watakaolipa ni wananchi wote pamoja na watoto wao. Imam Suyuti, katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi ya Kishafii, ametaja kanuni kwamba maamuzi ya kiongozi juu ya raia yamefungwa na maslahi yao, na akamnukuu Imam Shafii kwamba nafasi ya mtawala kwa raia ni kama nafasi ya walii kwa yatima. Kisha katika mifano yake akataja kwamba mwenye kugawa zaka ni haramu kwake kumpendelea mmoja juu ya mwingine ilhali haja zao ni sawa. Ikiwa kupendelea baina ya wahitaji waliolingana hakuruhusiwi, itakuwaje kumtanguliza asiye mhitaji juu ya mhitaji?

Qur-ani Tukufu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na katika Suratul Hashr, aya ya 7, Allah ametaja hekima ya kugawa mali ya fai kwa mayatima, maskini na wasafiri: isiwe mali inazunguka baina ya matajiri peke yao. Orodha ya ruzuku ni amana, na mwenye daftari si mwenye mali.

Tuwatenganishe watu watatu, kwa sababu hukumu zao si moja.

Wa kwanza ni kiongozi anayestahiki kweli. Ana ekari moja, watoto sita, na masharti yote yamemkuta. Huyu hakukosa haki yake kwa kuwa mjumbe. Lakini si yeye wa kujipitisha. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, wakili aliyepewa kazi ya kuuza mali haruhusiwi kujiuzia mwenyewe, hata kama atalipa bei ya soko, kwa sababu hawezi kuwa upande wa mwenye mali na upande wa mnunuzi kwa wakati mmoja. Basi mjumbe anayetaka kuandikwa atoke kwenye kikao jina lake linapojadiliwa, wenzake waamue, na mkutano wa kijiji usikie.

Wa pili ni kiongozi asiyestahiki, aliyejiandika kwa nguvu ya cheo, au aliyeandika majina ya watoto wasiolima na ndugu waliohama. Hii ni khiyana katika mali ya umma, na inaingia katika onyo la Suratu Aal Imran, aya ya 161, juu ya ghululi. Tunaikumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya Ibn Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akatenga sehemu akasema amezawadiwa yeye. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza: lau angelikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, angeliletewa zawadi hiyo? Kipimo hicho kinatosha kwa mwenyekiti yeyote. Lau usingekuwa na muhuri, jina lako lingekuwemo?

Toba ya mtu huyu haimalizwi kwa istighfari peke yake, kwa sababu kuna haki ya watu ndani yake. Mbolea imekwisha kuingia ardhini, hairudishiki. Kinachomlazimu ni thamani ya ile sehemu iliyolipiwa na umma. Airejeshe, na akishindwa kuifikisha kwa njia rasmi, aitumie kwa wale waliostahiki na wakakoseshwa, kwani anawajua kwa majina. Mahindi aliyoyavuna kwa mbegu yake na jasho lake ni yake, lakini deni liko shingoni.

Wa tatu ni mwananchi aliyeuza vocha au kuazima namba yake. Fukara aliyesukumwa na njaa tunamhurumia, wala mzigo wake si sawa na wa aliyemnunulia. Lakini na yeye aelewe: alichopewa hakupewa kama mali huru ya kuuza. Wanavyuoni wanatoa mfano wa mgeni aliyeandaliwa chakula. Ameruhusiwa kula mpaka ashibe, lakini hakuruhusiwa kukifunga akakiuze sokoni. Ruzuku imetolewa ili shamba lipate mbolea. Mfanyabiashara anayekusanya namba za watu akanunua kwa bei ya ruzuku ili auze kwa bei ya soko amekusanya uongo na kula mali ya watu kwa batili, na anayempa namba yake amemsaidia.

Utaratibu mpya na suali jipya

Baada ya vita vya Ukraine bei ilipanda tena, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukapita shilingi 120,000. Serikali ikazindua ruzuku mpya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, mkoani Mbeya, na bei ya mfuko huo ikashushwa hadi shilingi 70,000. Bajeti ya mwanzo ilikuwa shilingi bilioni 150. Safari hii hapana kamati ya kuchagua maskini. Kila mkulima anajiandikisha kijijini kwake, anataja ukubwa wa shamba na mazao yake, anapewa namba, na kwa namba hiyo ananunua kwa wakala aliyesajiliwa. Usimamizi uko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea.

Utaratibu huu umefunga mlango mmoja wa dhulma. Mwenyekiti hawezi tena kusema vocha zimekwisha, maana hapana idadi ya vocha kwa kijiji. Hili ni jema, na tunalishukuru.

Lakini tufanye hesabu. Tuseme ruzuku ni shilingi 50,000 kwa mfuko na ekari moja inatumia mifuko miwili. Mwenye ekari moja amesaidiwa shilingi 100,000. Mwenye ekari 20 amesaidiwa shilingi 2,000,000. Mwenye nusu ekari, akipata mfuko mmoja, amesaidiwa shilingi 50,000, na akikosa zile 70,000 za kununulia hakusaidiwa kitu. Hapa hakuna aliyeiba. Kila mtu amechukua kwa mujibu wa sheria, na bado mali ya umma imefuata ukubwa wa shamba badala ya ukubwa wa haja.

Je, hili ni haramu? La. Kiongozi ana nafasi ya kuangalia maslahi mapana. Mwenye ekari 20 analisha miji, naye akiacha kulima bei ya unga itampiga hata yule mjane, ambaye mara nyingi hununua unga miezi kadhaa ya mwaka. Ruzuku ya chakula kizalishwe ina hoja yake, na ruzuku ya kumwinua maskini ina hoja yake. Kosa ni kuzichanganya: kutoa ya kwanza na kuisifu kwa jina la pili. Wenye kupanga waseme wazi wanakusudia lipi, na wakikusudia yote mawili, waweke kikomo cha mifuko kwa mkubwa na njia ya mkopo mwema au malipo ya kidogo kidogo kwa mdogo.

Na kalamu bado ipo. Ukubwa wa shamba unaandikwa kwa maneno ya mtu mwenyewe na kuthibitishwa na viongozi wa kijiji. Wapo wanaotaja ekari 10 ilhali wana mbili, ili wapate mifuko ya kuuza. Wapo wanawake wanaolima shamba maisha yao yote, lakini jina linaloandikwa ni la mume aliyeko mjini, na siku ya kununua mbolea namba iko kwake. Wapo waliokodi shamba, na mwenye shamba amejiandika yeye. Mbele ya Allah, kuandika ekari ambazo hazipo ni ushahidi wa uongo, hata kama mwandishi ni kijana anayebonyeza simu na si mzee mwenye daftari.

Yanayotupasa

Jambo la kwanza ni uwazi, nao hauna gharama. Orodha ya waliosajiliwa na ekari zao ibandikwe ofisi ya kijiji, na isomwe katika mkutano mkuu, ambao kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu. Watu wanaofahamiana hawadanganyani kwa urahisi juu ya mashamba ikiwa orodha iko hadharani. Mwananchi naye asikae kitako. Ana haki ya kuhudhuria na kuuliza, kwa adabu, bila ya kumchafua mtu kwa dhana.

Jambo la pili ni kwa maimamu na walimu wa madrasa walioko vijijini. Watu husikiliza mimbari. Khutba moja kabla ya msimu wa usajili juu ya amana ya kuandika, juu ya haki ya mjane na ya mke anayelima, ina faida kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Na mkulima asiye Muislamu ana haki ile ile. Suratul Maida, aya ya 8, imetukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Jambo la tatu linatugusa ndani ya nyumba yetu. Maradhi ya orodha hayapo kwenye mbolea tu. Baadhi ya kamati za misikiti hugawa tende za Ramadhani, futari na nyama ya udh-hiya kwa orodha iliyoandikwa na wanakamati, na majina ya mwanzo ni ya wanakamati na jamaa zao. Mwenye kufanya hivyo msikitini hana mdomo wa kumkosoa mwenyekiti wa kitongoji.

Tumalize kwa Amirul Muuminina Umar bin Khattab (R.A.). Alipoweka daftari la kugawa mali ya Waislamu, alimpangia Usama bin Zayd 3,500 na mwanawe mwenyewe Abdullah 3,000. Abdullah akauliza kwa nini Usama amemzidi, ilhali hakumtangulia katika vita vyovyote. Umar akamjibu kwamba baba yake Usama alikuwa akipendwa zaidi na Mtume (S.A.W.) kuliko baba yake yeye, na Usama mwenyewe alikuwa akipendwa zaidi kuliko yeye. Imepokewa na Tirmidhi. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Umar, hazina ilikuwa chini yake, na hapakuwa na wa kumzuia. Akamwandika mwanawe chini.

Tunamuomba Allah awape wenye kushika daftari za watu khofu yake, awape wakulima wetu mvua yenye manufaa na mavuno yenye baraka, na atulinde sote na kula haki isiyo yetu. Amin.

Wallahu aalam.